Mkaa wa mabaki ya mimea kwa maji yenye metali nzito: jua kwanza unakamata nini

Mkulima wa mboga anayechota maji chini ya mialo ya Chunya (mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu), au kwenye mfereji unaopokea maji ya gereji mjini Mbeya, asianze kuuliza mkaa wa kuchujia maji hayo unatengenezwaje. Aulize maji yake yana nini. Macho hayasaidii hapa, maana maji maangavu yanaweza kuwa na risasi au aseniki tele. Chukua sampuli kwenye chupa safi ya plastiki, uipeleke ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, uombe wapime risasi, kadimiamu, zebaki, aseniki, shaba na pH (kipimo cha ukali wa maji). Ukomo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa maji ya umwagiliaji ni miligramu 0.01 za kadimiamu kwa lita, aseniki 0.1, shaba 0.2. Kadimiamu imebanwa hivyo kwa sababu mmea huivuta hadi kwenye jani, na mchicha na chainizi ndiyo tunayokula jani.

Majibu hayo ndiyo yatakayochagua mkaa. Mkaa wa mabaki ya mimea, au bayocha, uso wake una chaji hasi, kwa hiyo huvuta risasi, kadimiamu, shaba na zinki, ambazo ndani ya maji zina chaji chanya. Aseniki kwa kawaida husafiri ikiwa na chaji hasi au bila chaji, hivyo mkaa mtupu hauishiki vya kutosha. Wengi hukosea hapa: wanaweka mkaa, maji yanatoka safi kwa macho, aseniki nyingi imepita. Mkaa wa aseniki lazima uboreshwe kwa chuma. Zebaki hushikwa vizuri na mkaa uliotiwa salfa, lakini kupasha salfa moto hutoa gesi zenye sumu, kwa hiyo kazi hiyo waachie wataalamu wenye vifaa.

Malighafi tunayo. Kwenye mashine za kukoboa mpunga Mbarali, pumba huchomwa ovyo hadi zinabaki majivu meupe, na hapo kaboni yote imeshakwenda na moshi. Kwa mkulima mmoja, magunzi ya mahindi ni rahisi zaidi. Chimba shimo lenye umbo la faneli, washa moto chini, ongeza magunzi tabaka kwa tabaka kila yanapoanza kupata weupe kwa juu, kisha zima kwa maji mengi kabla hayajageuka majivu. Ponda hadi chembe ziwe kama za mchanga mnene, osha mpaka maji yatoke bila weusi.

Kuboresha kwa chuma: loweka mkaa huo kwenye maji yaliyoyeyushwa chumvi ya chuma (kloridi ya feri, ile inayotumika kusafishia maji), ongeza chokaa kidogo kidogo ukipima kwa karatasi za pH hadi ifike karibu 7, uache usiku kucha, suuza, anika. Mkaa hugeuka kahawia ya kutu, na kutu hiyo ndiyo inayoshika aseniki. Vaa glavu na miwani, kwa sababu kloridi ya feri inaunguza.

Pipa la lita 200 linatosha kuanzia: kokoto chini, mchanga, mkaa, mchanga tena juu. Maji yatuame kwanza kwenye bwawa, kwani tope huziba mkaa mapema kuliko metali. Yapite polepole. Yakiwa makali, pH chini ya 4, risasi na kadimiamu hazishikiki vizuri, kwa hiyo tibu kwa chokaa kabla. Sianidi, sumu inayotumika kuchenjulia dhahabu kwenye mialo, ni suala jingine. Pipa hili usilitegemee kwa hiyo.

Pima maji yanayotoka, si mara moja tu, kwa sababu mkaa hujaa, na ukishajaa huanza kupitisha. Mkaa uliojaa usiuchanganye na mbolea wala kuutupa shambani, japo bayocha safi tunaisifia kwa udongo. Metali haziozi. Usiuchome pia: zebaki itapanda hewani, aseniki na kadimiamu pia zinaweza kupanda, na zinazobaki zitakuwa kwenye majivu. Ufunge kwenye pipa lenye mfuniko, uandike “SUMU”, uweke mbali na watoto na mifugo, kisha uwaulize NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) nani mwenye kibali cha kuuchukua.

Wakati mnasubiri majibu ya maabara, kwenye bustani hiyo pandeni mahindi badala ya mchicha. Punje hubeba risasi na kadimiamu kidogo kuliko jani.