Masomo ya kazini na hesabu ya kustaafu: mwongozo kwa watumishi wa TEHAMA wa shule mkoani Kigoma

Mwalimu wa kompyuta, fundi sanifu wa maabara, au anayetunza kompyuta na mitambo ya sola ya shule: wote hujiuliza maswali mawili kwa nyakati tofauti. Nisome nini? Nitastaafu lini, na kwa kiasi gani? Ukweli ni kwamba maswali hayo ni hesabu moja. Cheti kilichochelewa huongeza elimu bila kuongeza pensheni, na masomo yasiyo na kibali yanaweza kukukata miezi ya uchangiaji ambayo hutaipata tena.

Anza kwa kujua uko mfuko gani. Aliyeajiriwa na serikali kwa masharti ya kudumu yuko PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuunganishwa. Humo mtumishi hukatwa 5% ya mshahara na mwajiri huongeza 15%. Wa shule binafsi, ya dhehebu, au aliyeajiriwa na bodi ya shule yuko NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambako jumla ni 20% na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya 10%. Wapo mafundi wengi wanaolipwa kwa michango ya wazazi, wanasaini daftari la posho mwaka hadi mwaka na hawana namba ya mfuko wowote. Kama ni wewe, hilo ndilo jambo la kwanza kulishughulikia, kabla hata ya kufikiria chuo.

Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Nyongeza ya hadi 65 ni ya maprofesa na madaktari bingwa, haiwahusu watu wa TEHAMA. Lakini umri peke yake hautoshi: ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe na michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Aliyeandikishwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 46 atafika 60 akiwa na miezi 168 tu, na atalipwa mkupuo, yaani fedha za mara moja, badala ya pensheni. Ndiyo maana aliyehama shule binafsi kwenda serikalini asikimbilie kujitoa NSSF akachukua fedha zake. Aombe vipindi vya mifuko miwili vijumlishwe. Miezi hiyo inaweza kuwa ndiyo inayomvusha kwenye 180.

Sasa hesabu yenyewe. Chini ya kanuni zilizoanza Julai 2022, chukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, gawanya kwa 580. Hiyo ni pensheni ya mwaka mzima. Ukiizidisha kwa 12.5 kisha kwa 33% unapata mkupuo. Asilimia 67 ya pensheni ya mwaka inayobaki, ikigawanywa kwa 12, ndiyo pensheni ya mwezi. Katika bajeti ya 2024/25 serikali ilitangaza kupandisha mkupuo hadi 40% kwa waliokuwa kwenye utaratibu wa zamani wa 50%, na 35% kwa waliokuwa kwenye 25%. Uliza ofisi ya mfuko uko kundi gani, lakini kwa kupanga maisha tumia 33%, usije ukakopa dhidi ya fedha usiyo na hakika nayo.

Mfano: mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi ni 10,800,000 kwa mwaka. Kwa miezi 240, pensheni ya mwaka ni takribani 4,469,000. Mkupuo ni kama milioni 18.4, na pensheni ya mwezi kama 249,500. Mtu huyo huyo akiwa alikwenda kusoma miaka mitatu kwa likizo bila malipo, miezi 36 haikuchangiwa. Amepoteza takribani 2,765,000 kwenye mkupuo na 37,400 kila mwezi kwa maisha yake yote. Gharama hiyo haimo kwenye orodha ya ada ya chuo chochote.

Kwa hiyo soma, ila soma kwa mpangilio. Jiulize kwanza unasoma ili ufanye kazi vizuri zaidi au ili upande daraja. Kwa la kwanza njia ni fupi: mwalimu ana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, kupitia jumuiya ya ujifunzaji shuleni na kituo cha walimu, pamoja na masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania; fundi ana kozi fupi za VETA Kigoma. Vyeti vya namna hii vina faida kubwa darasani na kwenye maabara, lakini havikubadilishii kada, yaani aina ya kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Kwa la pili unahitaji sifa inayotambuliwa kwenye muundo wa kada yako: stashahada yenye ithibati ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, au shahada inayotambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Aliye mbali na chuo, Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma. Shahada huchukua angalau miaka mitatu, unabaki kazini na michango haikatiki. Wa stashahada hutakiwa kuwa na wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au zaidi, na asiyefikisha sifa anaweza kupitia kozi ya msingi ya chuo hicho. Waliosoma ng'ambo ya mpaka, Bujumbura kwa mfano, wapeleke shahada TCU na vyeti vya sekondari NECTA, baraza la mitihani, vitambuliwe mapema. Wengi hugundua hitaji hili siku ya kuomba kupandishwa, na mwaka mzima unakwenda na maji.

Utaratibu wa kibali ni huu. Uwe umethibitishwa kazini. Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, hivyo omba kabla bajeti haijapangwa, si baada ya kupata barua ya chuo. Andika kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia kwa mkuu wa shule, ukiambatanisha barua ya udahili, muda wa kozi na namna ya usomaji. Usianze mpaka upate ruhusa kwa maandishi. Kauli ya mkuu wa shule kwamba "nenda tu, nitakufichia" haitakulinda: utahesabiwa mtoro, mshahara utasimamishwa, na shahada utakayorudi nayo itakosa pa kuingilia kwenye jalada. Ukimaliza, peleka nakala zilizothibitishwa za vyeti na matokeo, hakikisha taarifa zimeingia kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa taarifa za watumishi, kisha omba kwa maandishi kubadilishwa kada kama ndilo lengo.

Hapo kuna mtego. Anayebadilishwa kada kwa kawaida huanzia daraja la mwanzo la kada mpya. Mshahara wake wa zamani ukiwa mkubwa zaidi, huombewa uwe mshahara binafsi na husimama hapo mpaka daraja jipya liufikie. Mwenye miaka 35 atapanda tena. Mwenye miaka 55 anaweza kustaafu kabla mshahara haujasogea, na kwa kuwa hesabu hutazama miaka mitatu bora, shahada hiyo haitaonekana kwenye pensheni. Ushauri wetu ni kwamba masomo ya kubadili kada yawe yamekamilika ukiwa na miaka 48 hivi. Baada ya hapo jifunze kwa kozi fupi, na utetee kupanda ndani ya kada uliyonayo.

Kuhusu kumbukumbu, usisubiri miaka ya mwisho. Kila baada ya miezi mitatu angalia michango yako, PSSSF Kiganjani kwa wa serikali au taarifa ya mwanachama kwa wa NSSF. Mwezi ambao umekatwa kwenye mshahara lakini haukufika mfuko, upeleke ofisini pamoja na hati ya mshahara ya mwezi huo. Bila hati hizo ni maneno yako dhidi ya ya mwajiri. Tarehe ya kuzaliwa inayotumika ni ile uliyoiandika ulipoajiriwa mara ya kwanza, na haibadilishwi kwa kiapo cha baadaye. Ilinganishe na ya NIDA leo. Tofauti za majina, Bahati kwenye cheti na Bahatisha kwenye mshahara, zirekebishwe kwa hati iliyosajiliwa.

Anayestaafu kwa hiari atoe notisi angalau miezi sita kabla. Kusanya barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa, ya mwisho ya kupandishwa cheo, kibali cha kustaafu, hati ya mshahara ya mwisho, kitambulisho cha taifa, picha na taarifa za akaunti ya benki. Barua ya kuthibitishwa ndiyo inayopotea mara nyingi zaidi, hasa kwa waliohama kutoka Kibondo kwenda Kasulu kisha Uvinza huku jalada likibaki nyuma. Anayefundisha Kalya yuko mbali na mjini. Apige nakala tatu za kila karatasi, moja aiache kwa ndugu mjini, na aende masijala kukagua jalada lake miaka miwili kabla ya tarehe yake.