Breki kwanza: mambo ya kuzingatia kabla ya kulipeleka gari la kawaida uwanja wa mbio

Gari linaloshika breki vizuri kila siku barabarani linaweza kukuaibisha mzunguko wa tatu tu uwanjani, na wala si bovu. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ukizidisha mwendo mara mbili, kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 180, joto la kusimama linakuwa mara nne. Barabarani unakanyaga hivyo mara moja kwa dharura, kisha breki zinapoa. Uwanjani kona nyingine inakungoja sekunde chache mbele.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuota diski kubwa na kalipa nyekundu (kalipa ni kifaa kinachobana pedi kwenye diski), angalia mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu taratibu hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 4 mpya (DOT na namba yake ni daraja la mafuta ya breki) hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishaingiwa na maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanika, tofauti na mafuta. Mimi somo hili nililipata kwa mguu. Mafuta yangu yalikuwa na miaka miwili na yameshageuka kahawia. Mwisho wa mstari ulionyooka nikakanyaga, pedali ikazama kama sponji. Nikapampu haraka mara mbili, ikarudi nusu, nikaipita kona nikiwa nje kabisa ya njia yangu.

Tangu hapo nabadilisha mafuta yote siku chache kabla, kwa chupa ambayo haijafunguliwa, na natoa upepo ulionaswa kwenye breki za magurudumu yote kwa mpangilio wa kitabu cha gari. Usidanganywe na namba: DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine.

Zinafuata pedi. Za kawaida zimetengenezwa zishike asubuhi zikiwa baridi, zisipige kelele. Zikipata joto la uwanjani zinateleza. Za uwanjani ni kinyume chake: zikiwa baridi hazishiki vizuri, zinalia, na zinakula diski. Kama gari ndilo linalokupeleka kazini Jumatatu, chagua za katikati, au zibadilishe kabla na baada. Usiingie na pedi zilizobaki chini ya nusu, maana pedi nyembamba hupitisha joto upesi hadi kwenye mafuta. Zikiwa mpya, zizoeshe na diski kwanza kwa kufuata maelekezo ya aliyezitengeneza. Ukiona pedi imelika mshazari, mara nyingi pini za kalipa zimekwama. Zitoe, zisafishe, zipake grisi yake.

Diski hazina maneno mengi. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umegongwa kwenye diski yenyewe, pima. Vijiufa vyembamba kama unywele juu ya uso ni vya kawaida, lakini ufa uliofika ukingoni maana yake diski hiyo ni ya kutupa. Zenye matundu zinapendeza, ila matundu ndiyo mahali nyufa hupenda kuanzia, kwa hiyo mimi nafunga zisizo na matundu. Paipu za mpira zikunje kwa vidole: zikionyesha mipasuko, badilisha.

Jambo moja husahaulika: mfumo wa kuzuia gari kuyumba nao hutumia breki. Ukiendesha vibaya unakusahihisha kimyakimya, na jioni unakuta pedi za nyuma zimekwisha na hujui zimeishaje.

Ukiwa ndani, sikiliza mguu. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa. Ikiwa laini na inazama, mafuta yamechemka. Vyovyote vile, punguza mwendo na utoke. Mzunguko wa mwisho uendeshe polepole, ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, ili upepo uzipoze. Ukisimama, ondoa mguu kwenye pedali na usivute breki ya mkono, kwa sababu pedi iliyobanwa kwenye diski ya moto hupika sehemu moja tu na kuacha alama. Weka gia, tia kigingi nyuma ya tairi, na ukague nati za magurudumu baada ya rimu kupoa.