Kabla meli haijang'oa nanga: ya kuzingatia ukipanga kupima nyufa za chini ya bahari jirani na mtambo wa nyuklia

Ukipewa kazi ya kupanga utafiti wa mitetemo baharini jirani na mtambo wa nyuklia, yaani kutuma sauti chini ya bahari ili kuziona nyufa za ardhi zinazoleta matetemeko, kitu cha kwanza kitakachokujia kichwani ni meli: ipi ipo, ina bunduki za hewa ngapi (zile zinazopiga hiyo sauti majini), kukodi siku moja ni shilingapi. Ndo hapo wengi wanapoharibu. Meli inakuja mwishoni kabisa, na mfano mzuri upo California kwenye mtambo wa Diablo Canyon, wilaya ya San Luis Obispo, ambapo mwaka 2012 kampuni ya umeme ya PG&E ilikuwa na meli, ilikuwa na wanasayansi, ilikuwa na bajeti ya tafiti za mitetemo ya kama dola milioni 64, na bado tarehe 14 Novemba Tume ya Pwani ya California ikawanyima kibali, wajumbe wote wakiwa upande mmoja, wakati kazi yenyewe ilitakiwa ifanyike Novemba hiyohiyo na Desemba. Yaani meli ipo, msimu umefika, kazi hakuna.

Sasa turudi nyuma kabisa. Kitu cha kwanza ni swali, na "tunataka kujua zaidi kuhusu nyufa" sio swali, hiyo ni hamu tu. Pale Diablo Canyon hamu ilikuwa kubwa na ilikuwa na sababu zake. Ujenzi ulianza 1968, afu 1971 wanajiolojia wawili wa mafuta wakachapisha habari za ufa mkubwa baharini ambao leo unaitwa Hosgri, unapita kama kilomita 5 tu kutoka mtamboni, ikabidi hesabu za uimara wa majengo zirudiwe kwa tetemeko la ukubwa wa 7.5. Mwaka 2008 ukaonekana mwingine, Shoreline, huu upo kama mita 600 tu toka kwenye vinu, na mwaka huohuo Tume ya Nishati ya California ikapendekeza zifanyike picha za 3D za chini ya bahari. Ikaja Machi 2011, mtambo wa nyuklia wa Fukushima kule Japani ukaharibiwa na tetemeko na tsunami, basi hapo kila mtu akawa anasema pimeni, pimeni. Presha ya namna hiyo inakusukuma uanze kazi kabla hujajua unatafuta namba gani.

Na ukweli ni kwamba unatafuta namba chache sana. Ufa upo umbali gani kutoka mtamboni, una urefu gani (maana urefu ndo unakupa ukubwa wa tetemeko), umelala kwa pembe gani, na unateleza milimita ngapi kwa mwaka. Basi. Kabla hujafanya chochote kaa na watu wa hesabu za hatari, chukua modeli mliyonayo leo, pandisha na shusha kila namba moja moja uone ipi inayumbisha matokeo pale mtamboni. Ukikuta kasi ya kuteleza ndo inayumbisha na pembe haitingishi chochote, ushajua hela iende wapi. Hesabu hii inafanyika ofisini kwenye kompyuta, haisumbui samaki hata mmoja, na ndio karatasi utakayoiweka mezani siku mtu wa kibali akikuuliza swali moja tu, haya matokeo yatabadilisha nini? Kama huna jibu, mimi naona usiende kwenye kikao.

Ukishajua namba ndo unachagua chombo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayochanganya watu. Hosgri na Shoreline ni nyufa za kuteleza kwa ubavu, upande mmoja unasogea huku mwingine kule, na zimesimama karibu wima. Sauti inayotumwa kutoka juu inarudi vizuri ikigonga tabaka zilizolala, ufa uliosimama haurudishi kitu cha maana, kwa hiyo kwenye picha huuoni ufa wenyewe, unaona tabaka zinakuja vizuri afu ghafla zinakatika au zinahama, na wewe unachora mstari hapo. Kama chini hakuna tabaka zilizopangika basi hakuna cha kukatika, na pwani ile chini kuna sehemu kubwa ya miamba inayoitwa Franciscan, miamba iliyosagwa na kuvurugwa kwa mamilioni ya miaka, ukipiga picha yake unapata ukungu mtupu hata ukiwa na bunduki kubwa kiasi gani. Hili lisemwe mapema, kwa bosi na kwa umma, sio baada ya hela kuliwa.

Afu kuna suala la undani. Mitetemo ya chini, tuseme hezi 50, inaenda kilomita nyingi ardhini lakini haioni vitu vidogo. Kwenye mashapo (mchanga na udongo uliotuama chini) ambako sauti inakimbia mita 2,000 kwa sekunde, wimbi moja lina mita 40, na kwa kanuni ya robo wimbi utatenganisha vitu vya mita 10 hivi, chini ya hapo vinaungana. Sasa chukua ufa unaoteleza milimita 2 kwa mwaka (Hosgri inakadiriwa kati ya 1 na 3), kwa miaka 10,000 utakuwa umesogea mita 20. Ukitaka kuupima mwendo huo kwa uhakika, bunduki kubwa zinakupa picha isiyo wazi, lakini kifaa kidogo cha cheche chenye mitetemo ya hezi mia kadhaa kinakuonyesha mpaka mita moja, ila hakishuki sana chini. Na rula yenyewe ya kupimia ipo juujuu: miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, hapo panapoitwa bahari leo palikuwa nchi kavu, na vijito vilipita na fukwe zilikuwepo, vyote vimefukiwa. Ukipata mkondo wa kijito uliofukiwa umekatwa na ufa, kipande kimoja kimesogea pembeni, unapima umbali, unatafuta umri wa udongo, unagawanya, umepata kasi yako. Kwa hiyo kama swali lako ni kasi, anza na kifaa kidogo. Kama swali ni je Shoreline na Hosgri zinakutanaje chini, kilomita kadhaa huko, au Hosgri inaungana na ufa wa San Simeon kaskazini ukawa mrefu zaidi, hapo ndo mjadala wa bunduki kubwa unaanza kuwa na maana, na bado sio lazima.

Umri usisahaulike. Picha nzuri bila umri ni pambo la ukutani, kwa hiyo ratiba iwe na meli ya kuchimbua mashapo na maabara ya kupima umri kwa kaboni, ukijua kipimo hicho kinaishia kama miaka 50,000.

Ukifika kwenye bunduki kubwa, hakikisha unajua ukubwa wa hicho unachokiomba. Ule mpango wa 2012 ulikuwa utumie meli ya Marcus G. Langseth, mali ya Shirika la Sayansi la Taifa la Marekani, ikivuta kebo 4 za kusikilizia zenye urefu wa kilomita 6 kila moja, na bunduki za hewa 18 zinazopiga kila sekunde 15 mpaka 20, usiku na mchana. Meli ya namna hiyo inatembea kama kilomita 8 kwa saa na haigeuki kama boti, ikifika mwisho wa mstari inazunguka kilomita nyingi kwa muda mrefu ndo inarudi kwenye mstari unaofuata, kwa hiyo eneo utakalolisumbua ni kubwa kuliko eneo utakalopiga picha. Chora ramani mbili, ya picha na ya mizunguko, uone ile ya pili inaingia kwenye hifadhi gani, maana pale Point Buchon kuna eneo la bahari linalolindwa na liko jirani kabisa. Mistari ikate ufa kwa pembe ya mraba kadiri inavyowezekana, ukienda sambamba nao utakuwa umepiga picha ya upande mmoja tu.

Na huku pwani kebo za kilomita 6 hazifiki, kuna miamba, kuna mwani mrefu, maji mafupi. Shoreline ipo hukohuko. Tena ipo ndani ya eneo la ulinzi la yadi 2,000 kuzunguka mtambo ambako chombo hakiingii bila ruhusa ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, kwa hiyo ufa ulio karibu zaidi na unaowatisha watu zaidi ndio ambao meli kubwa inaufikia kwa shida kuliko yote. Panga vihisi vya mtetemo vya kulaza chini ya bahari na vingine vya nchi kavu viunganishwe, na ombi la ruhusa ya ulinzi lianze mapema, majina ya wafanyakazi yanachunguzwa. Uwataarifu pia watu wa chumba cha udhibiti wa mtambo wajue siku na saa, mtambo una vipimo vyake vya mtetemo na hutaki mtu ashtuke.

Msimu sasa. Hapa kila mwezi una mwenyewe. Kiangazi kuna nyangumi wa buluu na wenye nundu wanaokula, kuanzia Desemba nyangumi wa kijivu wanaanza kushuka kusini, ndo maana wakaangukia Novemba na Desemba, lakini katikati ya Novemba ndo msimu wa kaa wa Dungeness ulikuwa unafunguliwa upande huo na wavuvi wanashusha madema yenye kamba na maboya, njia ileile ya kebo zako. Ongeza mawimbi makubwa ya baridi yanayotia kelele kwenye kebo, na ukungu wa pwani ile ambao ukishuka waangalizi hawaoni kitu, na kama hawaoni huruhusiwi kuwasha bunduki upya. Bajeti iwe na siku za kukaa bure. Nyingi.

Wanyama wapewe sura yao, usiandike "viumbe wa baharini" ukamaliza. Kuna fisi maji wa bahari ambao wapo kwenye orodha ya walio hatarini tangu 1977, wanakaa kwenye mwani karibu na ufukwe, na kuna pomboo wadogo wa Morro Bay ambao hawahami kwenda mbali, yaani ukiwafukuza kwao hawana kwingine walikozoea. Hiyo ilikuwa moja ya hoja nzito. Weka waangalizi, weka vifaa vya kusikiliza wanyama usiku, anza na bunduki moja ndogo na kupandisha taratibu, weka umbali wa kuzima kila kitu mnyama akionekana. Kwenye mikutano andaa mtu wa kueleza desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa sababu desibeli za majini hazilingani na za hewani, kuna tofauti ya kama 62, na mtu akisoma 230 akalinganisha na ndege inayopaa ataondoka na picha isiyo sahihi. Ila usiitumie hiyo kupunguza ukubwa wa jambo, kelele ni kubwa kweli na watu wananusa ujanja haraka.

Vibali andika kwa mpangilio wa nani anamsubiri nani. Tume ya Ardhi ya jimbo iliidhinisha tathmini ya mazingira Agosti 2012, na bado ilikuwa sehemu tu, kuna kibali cha mamalia wa bahari chini ya sheria ya 1972, na hapo nyangumi na pomboo wana ofisi yao, fisi maji wana ofisi nyingine kabisa, kuna cha hifadhi, kuna cha Tume ya Pwani. Ukiipangia meli miezi ambayo inaanza kabla kibali cha mwisho hakijasikilizwa, umecheza kamari. Mimi ningetaka mwaka mzima wa nafasi kati ya kibali na bunduki ya kwanza, hata bosi akinuna.

Wavuvi wa Morro Bay na Port San Luis waonwe kabla ramani haijachapwa. Wanajua madema yanakaa wapi na wanaweza kukusogezea mstari bila kuharibu picha, lakini ukienda na ramani iliyokwisha unakuwa umeenda kuwaambia, na fidia ikijadiliwa wakati huo inakuwa ugomvi. Wachumash wa kaskazini, wenyeji wa asili, vilevile, pwani ile ni yao tangu zamani na walipinga waziwazi.

Mwisho, panga kabla utafanya nini ukikataliwa. Hapa PG&E hawakubaki mikono mitupu, walikuwa na picha za nguvu ndogo walizopiga 2010 na 2011, wakatumia na za nchi kavu, na ripoti ikatoka Septemba 2014. Ukijiuliza mapema hiyo njia ya pili ingekupa namba ngapi kati ya zile nne, unaweza kukuta ndio ingekuwa njia ya kwanza. Na kwenye mkataba weka wazi data ghafi inakaa wapi, kwa muundo gani, na lini watafiti wa nje wataipata waichakate wenyewe, kwa sababu kampuni inayoendesha mtambo ikijipima yenyewe na kujisomea majibu peke yake, hata majibu yakiwa sahihi hakuna atakayeyaamini.