Namna ya Kufurahia Pamoja Mbio za Baiskeli na Misafara ya Baiskeli ya Jamii

Wapo wanaopenda kutazama mbio za baiskeli, na wapo wanaopenda kutoka na wenzao siku za mapumziko wakaendesha taratibu katika misafara ya jamii, lakini mara nyingi makundi haya mawili hayakutani. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu kila upande una kitu ambacho mwenzake anakikosa. Anayetazama tu hushangaa kwa nini saa kadhaa zinapita bila mtu yeyote kujaribu kushinda, na anayeendesha tu hajui kwamba uchovu unaompata anapokabili upepo peke yake ndio huohuo unaoamua mashindano makubwa kabisa duniani. Maelezo haya ni kwa marafiki, familia au majirani wanaotaka kuyafurahia yote mawili kwa pamoja, wakiwamo ambao hawajawahi kugusa baiskeli ya mashindano.

Anzeni na upepo, maana bila kuuelewa upepo mchezo huu hauelezeki. Katika barabara tambarare, mtu aendaye kwa kasi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuipasua hewa iliyo mbele yake. Anayemfuata kwa karibu hukingwa, na anaweza kuokoa hata theluthi moja ya nguvu ambazo angezitumia akiwa peke yake. Aliyejificha katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi ya hapo. Ndiyo maana wachache wanaochomoka mapema mara nyingi hukamatwa zikiwa zimebaki kilomita chache: kundi kuu lina watu wengi wa kupokezana kazi ya mbele, ilhali waliochomoka wamebaki wanne au watano tu. Ndiyo maana pia mbio hizi, ambazo mshindi wake hutajwa kwa jina lake peke yake, ni mchezo wa timu. Katika Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, kila timu huanza na waendeshaji 8, na wengi wao hawana matumaini ya kushinda. Kazi yao ni kumkinga kiongozi wao na upepo, kurudi nyuma hadi kwenye gari la timu kumchukulia chupa za maji, na hata kumpa gurudumu lao akipata pancha. Kwa maoni yangu, mtu akishajifunza kuwatazama hao wasaidizi badala ya kumtazama kiongozi pekee, hatachoshwa tena na mbio za baiskeli.

Mnapotazama pamoja, mpeni kila mmoja jambo lake la kufuatilia. Tour de France, iliyoanza mwaka 1903, ina hatua 21, yaani mbio za siku moja moja, katika muda wa takriban wiki tatu, na ndani yake mna mashindano kadhaa yanayoendelea kwa wakati mmoja. Jezi ya njano huvaliwa na mwenye jumla ndogo kuliko wote ya muda, ya kijani na mwenye pointi nyingi zinazopatikana hasa katika kasi za mwisho, nyeupe yenye madoa mekundu na anayeongoza milimani, na nyeupe tupu na kijana anayefanya vizuri zaidi. Mwendeshaji Chris Froome wa Uingereza alishinda Tour ya mwaka 2017 bila kushinda hatua hata moja, jambo ambalo mgeni wa mchezo huu huliona haliwezekani mpaka aelezwe kwamba kinachohesabiwa ni jumla ya muda. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na kuichukua jezi ya kijani, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo. Mkipata picha za ushindi wake, zitazameni tena polepole: angalieni anavyokaa nyuma ya migongo ya wengine, akisubiri mpaka mita za mwisho ndipo anajitokeza kwenye upepo.

Kutazama kando ya barabara ni jambo jingine kabisa. Penye tambarare kundi hupita kwa zaidi ya kilomita 40 kwa saa, na kabla hamjanyanyua macho limekwisha kupita. Basi chagueni mlima, ambako mwendo hupungua na nyuso huonekana, au mbio za mzunguko ambamo waendeshaji hupita palepale mara nyingi, kama yalivyokuwa mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika Kigali mwaka 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Fikeni mapema kwa kuwa barabara hufungwa muda mrefu kabla. Washikeni watoto mkono, msikimbie sambamba na waendeshaji, na msinyooshe kitu chochote barabarani. Katika hatua ya kwanza ya Tour ya mwaka 2021, mtazamaji mmoja alinyoosha bango huku akiwa ameipa kisogo barabara ili aitazame kamera. Mwendeshaji mmoja akaligonga, na walioanguka nyuma yake ni wengi.

Sasa tuje kwenye kuendesha kwenyewe. Jambo la kwanza la kuuliza kuhusu msafara wowote ni iwapo unamsubiri wa mwisho. Urefu wa njia na mwendo ni maswali yanayofuata. Siku moja kabla, jazeni tairi upepo, jaribuni breki zote mbili na tieni mnyororo mafuta. Kimo cha kiti kinastahili dakika chache za uangalifu, kwa sababu kiti kilicho chini mno huumiza magoti. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu unapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litapinda kidogo kama inavyotakiwa. Vaeni helmeti, na kila mtu achukue maji.

Mkishakuwa barabarani, mpangeni aliye dhaifu nyuma ya mmoja wa wenye nguvu, wala msimwache mkiani. Huko nyuma akae mzoefu mwenye pampu na tyubu ya akiba. Wanaoanza waache nafasi ya urefu wa baiskeli nzima kati yao na wa mbele, na wasogee kadiri wanavyozoeana. Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako, kwa maana yakigusana, atakayeanguka ni wewe na si yeye. Aliye mbele anaonyesha shimo kwa mkono na kutaja kwa sauti, aliye nyuma anatangaza gari linalokuja, na hakuna anayefunga breki ghafla. Zamu ya mbele iwe fupi, na anayeipokea asiongeze kasi. Kosa hili ni la kawaida sana: mtu huona fahari ya kuongoza, anakaza pedali, na kundi zima linakatika vipande.

Mahali ambapo barabara zenyewe hufungwa kwa magari, hata mtoto mdogo anaweza kushiriki. Jiji la Bogotá nchini Kolombia lina desturi hiyo tangu miaka ya 1970, na kila Jumapili zaidi ya kilomita 100 za barabara huachiwa waendesha baiskeli na watembea kwa miguu. Panapokosekana utaratibu kama huo, Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018 na kuadhimishwa Juni 3, ni nafasi nzuri ya kuomba barabara moja ifungwe kwa saa chache.

Kuyaunganisha mambo haya mawili hakuhitaji gharama kubwa. Endesheni asubuhi, kisha mtazame mbio mchana. Mbio zikipita karibu nanyi, pandeni mlima wake siku iliyotangulia, ili kesho yake kila mmoja ajue ni kona gani iliyomkata pumzi. Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, hufanyika Mei, Tour kwa kawaida Julai, na Vuelta a España, mbio kubwa za Uhispania, Agosti na Septemba. Wekeni misafara yenu ya milimani ndani ya majuma hayo, na ile mifupi ya tambarare, inayowafaa watoto na wanaoanza, wekeni katika miezi mingine.