Kibao kinasema 10,348: kuusoma mji mdogo wa Marekani kabla hujahamia

Simu yenyewe huja jioni. Mwenzako mliyewahi kupanga naye Columbus au Minneapolis anakwambia kazi ipo jimbo la Nebraska, kodi ya nyumba ni nafuu, mji umetulia, njoo. Anataja jina ambalo hujawahi kulisikia. Usifunge virago kwanza. Nusu saa ya kuuchunguza mji huo kwenye simu yako itakuokolea mengi.

Tuchukue Lexington, Nebraska. Watu wa Afrika Mashariki wanaujua, hasa Wasomali, na si wachache kati yao waliokulia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma, Kenya, kwa hiyo Kiswahili utakisikia.

Kibao cha kuingilia mjini kinasema watu 10,348, ndivyo ilivyohesabu sensa ya 2020. Ukiishia hapo hujasoma kitu. Rudi nyuma: mwaka 1990 walikuwa 6,601, na mwaka 2000 wakafika 10,011. Mji umeongezeka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka kumi, huku miji mingi midogo ya eneo hilo ikikimbiwa na vijana. Kuna nini? Kiwanda cha nyama ya ng'ombe, kilichofunguliwa 1990. Walatino ndio waliokifuata kwanza, na leo ni zaidi ya nusu ya wakazi (jifunze salamu za Kihispania, zitakufaa kuliko unavyodhani). Waafrika walikuja baadaye.

Namba ikiruka namna hiyo, jua nyuma yake kuna mwajiri mmoja. Novemba 2025 kampuni ya Tyson ilitangaza kwamba itakifunga kiwanda hicho Januari 2026. Wafanyakazi walikuwa kama 3,200. Hebu iweke namba hiyo kando ya ile ya wakazi 10,348, kisha uwatoe watoto na wazee: ni nyumba ngapi mjini ambazo hazikuguswa? Noel, Missouri, mji wa watu elfu mbili na ushei, ulipata pigo kama hilo 2023 kiwanda chake cha kuku kilipofungwa. Kwa hiyo mwenzako akishakutajia mshahara wa saa, muulize: hapo pakifungwa, kazi nyingine iko maili ngapi?

Maili zenyewe unaweza kuzihesabu bila hata ramani. Kwenye barabara kuu ya I-80, njia za kutokea zimepewa namba kwa kuhesabu maili kutoka mpaka wa Wyoming. Ya Lexington ni 237, ya Kearney 272. Toa: maili 35, mji mkubwa wa karibu ndio huo. Kwenda Omaha ni zaidi ya maili 200. Wakati wa kiangazi si kitu, lakini Januari theluji ikipulizwa na upepo barabara hiyo huweza kufungwa, na wewe uko zamu. Hakuna matatu wala daladala ya kukupeleka Kearney. Bila gari na leseni utaishi kwa kuomba lifti.

Lexington ina bahati moja: ni makao makuu ya Kaunti ya Dawson, kwa hiyo mahakama na ofisi za kaunti ziko hapo hapo. Mkenya asidanganywe na neno kaunti. Nebraska peke yake ina 93, na Dawson ilikuwa na watu 24,111 tu mwaka 2020, katika eneo la zaidi kidogo ya maili za mraba 1,000. Ukitoka mjini ni bonde la mto Platte, tambarare, barabara za mashambani zimechorwa kama daftari la hesabu, maili kwa maili. Mahindi utayaona hadi uchoke, ila mengi ni ya manjano, ya mifugo na viwanda. Usitegemee ya kuchoma.

Ukitaka kujua wenzako wako wangapi, fomu ya sensa ya 2020 ilikuwa na nafasi ya Mtu Mweusi kuandika asili yake, Mkenya au Msomali, na majedwali yapo wazi mtandaoni. Lakini usiape kwa namba ndogo. Idara ya Sensa huzichezea kidogo kwa makusudi ili kulinda siri za watu. Monowi, huko huko Nebraska, mwaka 2020 ilikuwa na mkazi mmoja, mama mwenye baa ambaye pia ndiye aliyekuwa meya. Sensa ikaandika wawili.

Halafu sensa ni ya kila miaka kumi, na mji wa namna hii hubadilika kwa miezi. Mimi hutazama shule. Idadi ya wanafunzi hutolewa kila mwaka, na ofisi ya shule ukiipigia simu kama mzazi anayetaka kuhamia, watakuhudumia. Ukisikia madarasa yanaunganishwa kwa kukosa watoto, mrudie mwenzako umuulize vizuri ile habari ya kodi nafuu.