Dar hadi Mwanza na watoto: laleni Singida

Mkipanga kwenda Mwanza kwa gari la familia, tafadhali msijaribu kumaliza safari siku moja. Ni zaidi ya kilomita 1,100, na kila kijiji barabarani kina kibao cha mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo hesabu za "tukikimbia tutafika" hazifanyi kazi.

Wengi hulala Dodoma kwa sababu ni mji mkubwa. Mimi naona ni mapema mno. Bado hamjafika hata nusu ya njia. Ondokeni Dar saa kumi na moja alfajiri, kabla malori hayajajaa kuelekea Chalinze, kuleni chakula cha mchana Dodoma, kisha laleni Singida. Kuku wa kienyeji wa huko wana sifa yao, watoto watashiba. Kesho yake mtapita Mlima Sekenke, wenye kona na mteremko mkali, asubuhi, dereva akiwa amepumzika. Kama mna mtoto mchanga, gawanyeni siku tatu: Dodoma, kisha Nzega.

Giza likiingia, simameni popote penye nyumba ya wageni. Lori lililoharibika mara nyingi huwa halina taa, na matawi yaliyowekwa juu ya lami kama onyo hayaonekani usiku mpaka uwe umeyafikia. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Kagueni pia upepo wa tairi la akiba kabla ya kuondoka, na hakikisheni jeki na spana haziko chini kabisa ya mizigo.