Jinsi ya kupitia rasimu ya katiba ya jiji upande wa uchaguzi na viongozi

Jiji likitoa rasimu ya katiba mpya, wengi wanasoma zile kurasa mbili za muhtasari tu afu siku ya kura wanaweka ndiyo au hapana. Usifanye hivyo jamani, manake vifungu vya uchaguzi ndivyo vinaamua nani atakaa ofisini na utamtoaje. Naongelea miji ya Marekani, ambako majimbo mengi yanaruhusu jiji kujiandikia katiba yake (charter, yaani sheria kuu ya jiji) na wananchi wakaipigia kura.

Anza kwa kumuomba karani wa jiji nakala inayoonyesha maneno yaliyofutwa na yaliyoongezwa. Kama hana, weka katiba ya sasa na rasimu pamoja mezani ulinganishe mwenyewe, na macho yako yawe zaidi kwenye yaliyofutwa, maana hayo hakuna atakayekutangazia.

Afu usisome kifungu kimoja kimoja kwa mpangilio wao, utachoka na hutaona mashimo. Mchukue mtu wa kufikirika, tumwite Asha, mfuate kuanzia siku anachukua fomu mpaka siku anaondoka madarakani. Rasimu inasema mgombea awe ameishi jijini mwaka mmoja, sawa, lakini mwaka mmoja kabla ya nini? Kabla ya kurudisha fomu au kabla ya siku ya kura? Isiposema, hapo kuna kesi mahakamani inasubiri.

Akishaingia kwenye kinyang'anyiro, anashindaje? Je, anayeongoza anachukua hata akiwa na asilimia 30, au kuna duru ya pili, au wapiga kura wanapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu? Na anachaguliwa na jiji zima au na eneo lake tu? Portland ya Oregon walibadilisha yote hayo kwa kura moja Novemba 2022, wakaja na maeneo 4 yenye madiwani 3 kila moja na kupanga kwa namba, wakaanza kutumia 2024. Kama rasimu yako ina maeneo, tafuta nani anachora mipaka, manake madiwani wakijichorea wenyewe watajichorea wanavyotaka. Tarehe nayo usiipite. Los Angeles walikuwa wanachagua viongozi wa jiji miaka isiyogawanyika kwa mbili, wapiga kura wakawa wachache mno, mwaka 2015 wananchi wakakubali uchaguzi uhamie miaka ya chaguzi kubwa.

Sasa hapa ndo nakuomba utulie, nafasi ikiwa wazi. Chukua kalamu uigize. Baraza lina watu 7, Asha ni mmoja wao, anajiuzulu mwezi wa pili na bado ana miaka mitatu, rasimu inasema baraza litamteua wa kujaza nafasi ndani ya siku 30. Wamebaki 6, wanapiga kura 3 kwa 3, siku 30 zinaisha, nini kinafuata? Kama hakuna sentensi inayojibu, kiti kinaweza kukaa wazi wee na eneo lake halina mtu. Na hata wakimpata huyo wa kuteuliwa, anakaa miaka yote mitatu bila kupigiwa kura na mtu au uchaguzi mdogo unaitishwa? Mi binafsi naona mteuliwa akae mpaka uchaguzi unaofuata tu, basi.

Kumng'oa kiongozi kabla muda wake haujaisha, wananchi wanakusanya sahihi ili kura ya kumtoa iitishwe, kwahiyo angalia asilimia ya sahihi hizo ni ya nini. Chukulia jiji lina waliojiandikisha 40,000 na uchaguzi uliopita walipiga kura 8,000. Asilimia 10 ya waliojiandikisha ni sahihi 4,000, ya waliopiga kura ni 800. Neno moja tu hilo linaamua kama haki yako inatumika au ni pambo.

Ukomo wa vipindi usome pamoja na vifungu vya mpito, vile vya kuhama kutoka katiba ya zamani kwenda mpya, viko mwisho kabisa na watu hawafiki. Swali ni je, vipindi alivyokwishakaa kiongozi vinahesabiwa au anaanza sifuri? Na nani anaweza kubadilisha huo ukomo? New York wananchi waliweka vipindi viwili mwaka 1993, baraza likapiga kura lenyewe 2008 kwa 29 dhidi ya 22 vikawa vitatu, wananchi wakavirudisha viwili 2010, ila madiwani waliokuwa ndani tayari wakaachiwa vitatu vyao. Kwahiyo dai sentensi inayosema ukomo haubadilishwi bila kura ya wananchi.

Mshahara pitia haraka, hakikisha tu nyongeza inaanza baada ya uchaguzi unaofuata ili mtu asijiongezee mwenyewe. Pia linganisha rasimu nzima na sheria ya jimbo, maana kwa mambo mengi jiji haliwezi kwenda kinyume nayo.

Ukimaliza, andikia tume inayoandaa rasimu kabla haijafungwa, taja namba ya kifungu, eleza ile hali ya 3 kwa 3, na uwaandikie kabisa sentensi unayotaka iwekwe pale.